Chandarua cheupe cha kufunikia miche ya mboga: kinachokinga, kisichokinga, na namna ya kukichagua dukani

Katika maduka ya pembejeo ya mjini Arusha, na katika yale madogo yaliyo kando ya barabara ya kwenda Moshi, mkulima wa mboga anayetafuta kitu cha kuikinga miche yake anapoitoa kitaluni kwenda shambani huonyeshwa bidhaa mbili zinazokaribiana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa kazi. Ya kwanza ni neti ya kivuli, nyeusi au ya kijani, ambayo huuzwa kulingana na asilimia ya jua inayolizuia. Ya pili ni chandarua cheupe chenye matundu madogo sana, ambacho wauzaji wengi hukiita neti ya wadudu. Nimezitumia zote mbili kwa misimu kadhaa katika bustani ya nyanya, pilipili hoho, kabichi na sukuma wiki kwenye miteremko ya Mlima Meru, upande wa Arumeru, na tathmini hii inahusu zaidi ile ya pili, kwa kuwa ninaamini kwamba mkulima mdogo mwenye fedha ya kununua kitu kimoja tu anunue chandarua cheupe kabla ya neti ya kivuli. Imani hiyo ina masharti yake. Chandarua humkinga mche dhidi ya wadudu wanaoruka na, kwa kiasi fulani, dhidi ya upepo na makali ya jua. Hakimkingi dhidi ya adui aliyekwisha kuwamo udongoni, na hakiwezi kuwa badala ya kazi ya kuizoesha miche hali ya shambani kabla haijapandikizwa. Wauzaji wengi hawayasemi hayo mawili, nayo ndiyo yanayoamua kama fedha ya mnunuzi itakuwa na faida.

Ili kuipima bidhaa hii kwa haki, ni vizuri kukumbuka kinachompata mche siku unapohamishwa. Mizizi laini ya pembeni, ambayo ndiyo inayofyonza maji mengi, hukatika kwa urahisi kuliko ile minene inayoonekana kwa macho, na huchukua siku kadhaa kabla mingine haijaota. Miche iliyooteshwa kwenye trei ina nafuu, kwa sababu hutoka na donge lake zima la udongo au la makumbi ya nazi yaliyosagwa, lakini hata hiyo hukaa siku chache bila kushikamana na udongo mpya. Wakati huohuo majani yanaendelea kupoteza maji kana kwamba hakuna kilichotokea. Jani lililokulia kivulini lina ngozi nyembamba yenye nta kidogo, na likikutana ghafla na jua la saa sita linaungua: hutokea mabaka meupe katikati ya mishipa, kisha mabaka hayo hukauka na kuwa ya rangi ya kaki. Upepo mkavu wa Januari na Februari huongeza hasara, kwa sababu hulitikisa shina kabla mizizi haijashika na hulikausha jani kwa kasi kuliko jua peke yake. Mche uliochoka namna hiyo ndio pia unaovamiwa na wadudu wadogo wafyonzao majani, yaani inzi weupe, vithiripi na vidukari, huku usiku sota, kiwavi anayejificha udongoni, akilikata shina lake usawa wa ardhi. Mkulima anayesema kwamba miche yake "imekataa kushika" mara nyingi amekutana na zaidi ya jambo moja kati ya hayo kwa wakati mmoja.

Sasa niingie kwenye chandarua chenyewe. Sifa yake kuu ni ukubwa wa tundu, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Wauzaji hutaja namba ya meshi, ambayo ni idadi ya matundu katika urefu wa inchi moja. Meshi 50, ambayo ndiyo inayohitajika kwa nyanya na pilipili, ina takriban nyuzi 20 katika sentimita moja, zikihesabiwa kwa upande ule ambao nyuzi zimekaribiana zaidi, kwa sababu matundu ya vyandarua vingi vya aina hii si ya mraba bali yamerefuka upande mmoja. Rula ya mwanafunzi inatosha kwa ukaguzi huo. Kinyooshe kipande cha chandarua juu ya karatasi nyeusi au juu ya kitambaa cha suruali nyeusi, weka rula, kisha hesabu nyuzi polepole kwa ncha ya sindano kutoka sifuri hadi sentimita moja. Ukipata 12 au 13, umeshika chandarua cha meshi 32 hivi, ambacho kitamzuia nondo wa kabichi bila shida lakini kitamwachia inzi mweupe mlango wazi. Nimewahi kuuziwa katika duka moja chandarua kilichoelezwa kuwa kinazuia "wadudu wote", nacho hakikufika nyuzi 14 kwa sentimita. Muuzaji hakuwa na karatasi yoyote ya kiwanda ya kuonyesha, na marobota mengi yanayokatwa kwa mita hayana lebo inayobaki na mteja.

Tofauti hiyo ya tundu ina uzito mkubwa kwa mkulima wa nyanya. Inzi mweupe ana urefu wa takriban milimita moja, lakini kifua chake ni chembamba kuliko nusu milimita, na ndicho kinachoamua kama atapita au hatapita. Yeye ndiye anayebeba virusi vya ugonjwa wa kujikunja na kuwa manjano kwa majani ya nyanya, ambao wakulima wengi wanauita rasta. Mche ukiambukizwa katika wiki za kwanza baada ya kupandikizwa hudumaa, majani yake ya juu yakajikunja kama vikombe vidogo na kingo zake zikawa za manjano, na maua mengi yakapukutika bila kufunga matunda. Mmea ulioambukizwa ukiwa mkubwa hupungua mazao lakini bado huvunwa. Hakuna dawa inayoondoa virusi hivyo ndani ya mmea. Kwa hiyo kuuchelewesha ugonjwa kwa wiki nne au tano tu ni faida kubwa, na hiyo ndiyo kazi ambayo chandarua cha meshi 50 kinaifanya vizuri kuliko dawa yoyote niliyowahi kuipulizia. Jambo hilohilo linahusu kantangaze, yule nondo mdogo aliyetoka Amerika ya Kusini na kuthibitishwa nchini Tanzania mwaka 2014, ambaye viwavi wake hutoboa majani ya nyanya na kuacha vidonda vyeupe vyenye uchafu mweusi ndani. Nondo huyo ni mkubwa kuliko inzi mweupe, na chandarua kilichofukiwa vizuri pembeni humzuia kabisa, mradi asiwe ameingia pamoja na miche.

Sharti hilo la mwisho linahitaji kusisitizwa. Chandarua ni mlango, na mlango uliofungwa baada ya mwizi kuingia humsaidia mwizi. Miche niliyoinunua kwa wazalishaji wa miche imekuwa bora kwa jumla, yenye urefu unaolingana na mizizi iliyojaa trei, lakini mara kadhaa nimekuta vidukari chini ya majani ya pilipili au mayai ya inzi weupe kwenye nyanya. Wadudu hao wakifungiwa ndani ya chandarua hupata mahali pa joto, pasipo mvua ya kuwaangusha na pasipo wadudu kibibi, wale mbawakawa wadogo wenye madoa mgongoni, au nyigu wadogo wanaowala na kuwatagia mayai. Vidukari wachache huwa kundi zima katika muda mfupi kuliko ambavyo wangekuwa shambani wazi. Hii ndiyo kasoro kubwa ya bidhaa yenyewe, wala si ya mtumiaji: kinachowazuia maadui huwazuia pia marafiki. Dawa yake ni kugeuza majani na kuyakagua kabla ya kupandikiza, kuitenga trei yenye dalili, na baada ya hapo kufunua upande mmoja mara mbili kwa wiki, mapema asubuhi wakati wadudu bado wamezubaa kwa baridi, ili kukagua tena. Vidukari wakionekana, maji yenye sabuni kidogo au maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, yakipuliziwa chini ya majani jioni, huwapunguza vya kutosha.

Wapo wanaouliza kwa nini wasitumie chandarua cha mbu, hasa kilichozeeka. Chandarua cha kawaida cha kulalia kina takriban matundu 156 katika inchi ya mraba, yaani kati ya 12 na 13 katika inchi moja, ilhali kile cha meshi 50 kina 50. Kuku, panzi na vipepeo watazuiwa. Inzi weupe, vithiripi na vidukari watapita wanavyotaka. Kwa kitalu cha kabichi kilichopo karibu na nyumba, chandarua kilichokwisha kutoboka na kuondolewa kitandani kinaweza kusaidia kidogo, lakini kukichukua kile ambacho bado mtu anaweza kulala ndani yake ni kumnyima mtoto kinga ya malaria kwa ajili ya faida ambayo mche hauipati.

Kuhusu upana, wanunuzi wengi hukata chandarua kifupi. Tao la nusu duara juu ya tuta lenye upana wa mita 1 lina urefu wa takriban mita 1.57, na kila upande unahitaji angalau sentimita 30 za kufukia kwa udongo. Jumla yake inakaribia mita 2.2, kwa hiyo kipande cha upana wa mita 2 kitamlazimisha mkulima ama kuinamisha tao hadi majani yaguse chandarua, ama kuacha kingo zikiwa zimebanwa kwa mawe hapa na pale. Yote mawili ni hasara. Jani linalogusa chandarua ni jani ambalo nondo anaweza kulitagia mayai akiwa nje, na upenyo wa vidole viwili chini ya ukingo unatosha kwa wadudu wote ambao fedha ilitolewa kuwazuia. Matao nimeyatengeneza kwa mianzi iliyopasuliwa na kwa paipu nyembamba za plastiki. Mianzi ni rahisi kupatikana huku kwetu, lakini mchwa huila chini ya udongo na vipande vyake huacha ncha zinazochana chandarua, kwa hiyo inafaa kuilainisha kwa kisu na kuichoma kidogo sehemu inayoingia ardhini. Paipu hudumu zaidi. Nafasi ya mita moja hadi moja na nusu kati ya tao na tao inatosha mahali penye utulivu. Kwenye mteremko unaopigwa na upepo wa mchana, mita moja ndiyo salama, pamoja na kamba inayopita juu ya chandarua kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Ndani ya chandarua hewa huwa na joto na unyevu zaidi kuliko nje. Katika miinuko yenye baridi, hasa Juni hadi Agosti ambapo mawingu hukaa juu ya Meru siku nzima, jambo hilo ni neema. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba miche ya nyanya iliyolelewa chini ya vyandarua vyenye matundu madogo ilichipua mapema, ikawa na mashina manene na majani mengi kuliko iliyokaa wazi, na ikawa tayari kupandikizwa mapema zaidi. Njoro nako ni nyanda za juu zenye baridi, na niliyoyaona Arumeru katika miezi hiyo yanakubaliana na matokeo hayo. Lakini katika jua la Februari, au katika bustani za Tanga, Bagamoyo na Mombasa, chandarua cha meshi 50 kilichotandazwa juu ya tao fupi hugeuka kuwa tanuri saa za mchana, na mche uliotoka tu kupandikizwa hauhitaji joto la ziada. Kwa maeneo hayo ningependekeza tao refu zaidi, matandazo ya majani makavu juu ya tuta ili udongo usichemke, na umwagiliaji wa asubuhi na mapema badala ya ule wa mchana.

Msimu wa masika una shida yake nyingine. Mvua hupita ndani ya chandarua ikiwa imevunjwa nguvu, na hilo linaizuia isiwaangushe miche wachanga wala kuwarushia matope majanini, jambo ambalo peke yake linapunguza magonjwa. Hata hivyo, mvua ikinyesha siku tatu mfululizo bila jua, majani hayakauki. Bakajani, ugonjwa unaotia majani mabaka, hupenda hali hiyohiyo, na kinyausi humaliza miche midogo kwa kuyaozesha mashina yake usawa wa udongo. Katika masika nimejifunza kupanda kwa nafasi kubwa kidogo chini ya chandarua, kutomwagilia kabisa wakati udongo una unyevu, na kufungua chandarua kwenye ncha mbili za tuta kila mvua inapokatika, hata kama saa chache tu. Inzi weupe ni wachache wakati huo, na hatari ya kuvu ni kubwa kuliko hatari yao.

Nimesema kwamba chandarua hakimkingi mche dhidi ya adui aliyemo udongoni, na hapo sota anastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiye anayewavunja moyo wakulima wengi waliolipia chandarua. Huyu ni kiwavi wa nondo anayejificha mchana chini ya udongo na kutoka usiku kulikata shina la mche mchanga. Asubuhi mkulima hukuta mche umelala, jani zima, kijani bado, lakini shina limekatwa safi. Ukichimbua udongo kwa kijiti kuuzunguka mche huo, kina cha sentimita mbili hadi tano, mara nyingi utamkuta amejikunja kwa umbo la herufi C, mnene, laini, rangi ya kijivu iliyochanganyika na udongo, na ukimgusa atazidi kujikunja. Asipotolewa, kesho atahamia mche wa jirani, na mwingine, akifuata mstari. Chandarua kikitandazwa juu ya tuta lenye sota, yeye amefungiwa pamoja na chakula chake, na ndege ambao wangemdonoa asubuhi wako nje. Kinga yake huanza wiki mbili au tatu kabla ya kupandikiza, kwa kulima na kuondoa magugu yote, kwa sababu nondo hutaga mayai kwenye magugu na viwavi wakikosa chakula hufa au huliwa. Baada ya hapo, kwa bustani ndogo, hakuna kinachoshinda kola: kikombe cha plastiki kilichokatwa kitako, au ukanda wa gazeti uliokunjwa mara mbili, unaolizunguka shina na kuzama udongoni sentimita mbili hadi tatu huku sentimita nne au tano zikibaki juu. Ni kazi ya mikono, na kwa robo eka haiwezekani kwa mtu mmoja, lakini kwa tuta la pilipili hoho ambazo mbegu yake ni ghali ninaifanya kila mara. Majivu yanayomwagwa kuzunguka shina hupunguza kidogo na huisha kazi kwa mvua ya kwanza. Minyoo fundo, inayotia mizizi vinundu, na mnyauko bakteria navyo hutoka udongoni, na dhidi yake chandarua hakina la kufanya. Hapo ni kubadilisha mazao na kuchagua shamba.

Neti ya kivuli nimeipa nafasi ya pili kwa sababu iliyo wazi. Kazi yake kitaluni haina ubishi: ile ya asilimia 50 hulinda mbegu zinazoota na kupunguza joto la udongo katika miezi ya kiangazi. Tatizo ni kwamba wauzaji husukuma zile za asilimia 70 na 80, kwa maelezo kwamba kivuli kizito ndicho bora, na wanunuzi huziacha juu ya miche hadi siku ya kuing'oa. Mche uliokulia chini ya kivuli kizito hurefuka ukitafuta mwanga, shina likawa jembamba na la rangi ya kijani iliyopauka, majani mapana na laini. Unavutia kwa macho na ndio wa kwanza kulala shambani. Sijawahi kuona chandarua cheupe kikiharibu miche namna hiyo, kwa kuwa hupitisha mwanga mwingi na kuutawanya.

Hata hivyo chandarua cheupe nacho hakiondoi hitaji la kuizoesha miche. Kuanzia siku saba hadi kumi kabla ya kuihamisha, kivuli kiondolewe kwanza asubuhi hadi saa nne, kisha asubuhi na alasiri kuanzia saa tisa, na katika siku mbili za mwisho kiondolewe kabisa, huku maji yakipunguzwa bila kuiacha miche inyauke hadi ikashindwa kuinuka jioni. Katika siku hizo shina hugeuka kuwa gumu na mara nyingi hupata rangi ya zambarau kidogo, na jani huwa dogo, nene na lenye kijani kilichokolea. Nyanya huwa tayari ikiwa na majani manne hadi matano ya kweli, kwa kawaida baada ya wiki nne hadi tano; kabichi karibu muda huohuo; pilipili hoho huhitaji wiki sita hadi nane. Kuhamisha kufanyike baada ya saa kumi jioni au siku ya mawingu, kitalu kikiwa kimemwagiliwa saa chache kabla ili udongo ushikamane na mizizi, na chandarua kitandazwe jioni hiyohiyo, kabla ya giza. Kukingoja hadi kesho yake ni kuwapa inzi weupe asubuhi nzima.

Miche iliyonunuliwa inahitaji swali moja kwa mzalishaji: je, imekwisha kutolewa kivulini, na kwa siku ngapi? Wazalishaji wazuri hujibu bila kusita. Asiyeweza kujibu, miche yake iletwe nyumbani na kukaa mahali penye kivuli chepesi kwa wiki moja kabla ya kupandwa, hata kama tuta liko tayari na mafundi wa kupanda wamekwisha kuja.

Kuondoa chandarua ni hatua ambayo maelezo ya dukani huikosa kabisa. Kwangu mimi kinakaa juu ya nyanya hadi majani yanapokaribia kugusa tao, kwa kawaida wiki nne au tano, na hakiondolewi mara moja. Siku ya kwanza ninafungua ncha, siku ya pili ninakunja upande wa mashariki hadi saa nne, na siku ya tatu au ya nne ninakiondoa jioni. Mmea uliokaa wiki tano bila upepo una shina lisilozoea kutikiswa, na kwa nyanya huo ndio wakati wa kusimika vigingi. Kwa matango, maboga na matikiti, chandarua lazima kiondoke maua ya kwanza yanapofunguka, kwa sababu mazao hayo hutegemea nyuki kuhamisha chavua. Nyanya huchavusha yenyewe kwa kutikiswa na upepo, kwa hiyo haina haraka hiyo.

Wazee wa huku hutumia maganda ya mgomba, yaliyokunjwa kama kibanda kidogo juu ya kila mche na kuelekezwa upande wa jua la mchana. Ni njia nzuri kwa jua na haina gharama. Unyevu wa ganda hupoza hewa kuuzunguka mche, na likikauka linakuwa matandazo. Udhaifu wake ni kwamba konokono na nyenje hulala chini yake, na lazima ligeuzwe kila asubuhi. Ninaendelea kulitumia kwa kabichi za msimu wa ukame, chini ya chandarua kilekile, katika siku tatu au nne za kwanza.

Kuhusu uimara, chandarua kilichotengenezwa kwa plastiki yenye kinga ya miale ya jua kimenifaa kwa misimu mingi na bado kinashika. Kisicho na kinga hiyo, ambacho nilikinunua kwa bei iliyonivutia katika duka ambalo sitalitaja, nyuzi zake zilianza kukatika kwa kuguswa na kidole kabla ya msimu wa pili kwisha. Kwa macho vyote viwili ni vyeupe na vinang'aa. Mnunuzi aombe kuona karatasi ya kiwanda au lebo ya robota, na muuzaji asiyekuwa navyo apewe bei ya kitu cha msimu mmoja. Mita moja ya chandarua kizuri ni ghali kuliko ya neti ya kivuli, lakini inapogawanywa kwa misimu inayodumu, na kwa dawa ambazo mkulima hakulazimika kuzinunua katika wiki za kwanza, gharama yake ni ndogo. Kila msimu ukiisha kioshwe kwa maji yenye sabuni, kikaushwe kivulini, na kitundikwe juu, kwa kuwa panya hupenda kukitandika na kukitafuna.

Kwa nyanya na pilipili hoho, basi, ningenunua meshi 50 kabla ya kununua kitu kingine chochote, hata kabla ya mbegu ya gharama, kwa sababu mbegu hiyo bila chandarua ni mchezo wa bahati katika miezi ya joto. Kwa kabichi na sukuma wiki, ambako adui mkubwa ni nondo mgongo almasi, meshi 32 inatosha na inapitisha hewa vizuri zaidi, na tena bei yake ni nafuu. Kwa matango na jamii yake, kipande kifupi cha kuhamisha kutoka tuta hadi tuta hadi maua yatoke kinatosha. Kwa vitunguu maji sioni sababu ya kukinunua: mche wa kitunguu una majani membamba yasiyoungua kwa urahisi, huhamishwa ukiwa na umri wa wiki sita hadi nane, na kupandikizwa kwa wingi kiasi kwamba gharama ya kuufunika ingezidi faida yake.